Mbwa Akianza Kutokwa Damu

Mwaka 1981, Makueni ikiwa bado sehemu ya wilaya ya Machakos nchini Kenya, wagonjwa 20 wenye maradhi ya ini walilazwa katika hospitali tatu za wilaya hiyo. Kumi na wawili walifariki. Kilichowaua ni aflatoksini, sumu ya ukungu uliokuwa kwenye mahindi yao. Lakini kabla ya watu, walikufa njiwa na mbwa. Sisi tuliotibu mifugo Ukambani hatuna ruhusa ya kusahau mpangilio huo.

Mbwa wa kijijini hula makombo ya ugali, hata na mahindi ambayo wenye nyumba wameyakataa. Sumu ikimwingia, kwanza hususa chakula, kisha hutapika. Ukimfunua mdomo unakuta ufizi wa manjano wenye vidoa vyekundu. Kinyesi ni cheusi kama lami. Ukimdunga sindano, tundu huchuruza damu hata ukilibana kwa pamba. Protini nyingi za kugandisha damu hutengenezwa na ini. Ini likiharibika, damu haina cha kuizuia.

Wengi wa mbwa wa aina hiyo niliwahudumia kwa dripu, glukosi na vitamini K. Vitamini K hulisaidia ini ambalo bado lina uhai; likishakufa haliwezi kuitumia. Hapo mnyama anahitaji plazma, au damu mbichi ya mbwa mwingine mwenye afya. Mbwa wa kilo 25 na zaidi anaweza kutoa mililita 450 hivi kwa mara moja, lakini lazima kuwe na mfuko wenye dawa ya kuzuia damu isigande, na mtu wa kumwangalia anayeongezwa damu saa zote. Vijijini Kitui vitu hivyo vilikuwa nadra. Hata Marekani, chakula cha mbwa chenye sumu hiyo kilipoingia sokoni mwishoni mwa 2005, plazma ilikuwepo na mbwa wengi bado walikufa.

Ndiyo maana nasema tiba kubwa ya mbwa huyo ni kuuliza amekula nini, kisha kufungua magunia. Mwaka 2004 watu 317 waliugua kwa sumu hiyohiyo na 125 wakafariki, wengi wao wa Makueni na Kitui. Familia nyingi zilikuwa zimeweka mahindi mabichi ndani ya nyumba badala ya ghalani. Katika sampuli 350 za mahindi ya sokoni, zaidi ya nusu zilizidi kikomo cha sumu cha wakati huo.

Leo mkulima ana turubai la kuanikia na Aflasafe, bidhaa ya kudhibiti ukungu wenye sumu hiyo, ya kunyunyiza shambani kabla mahindi hayajachanua. Bado tunahitaji jambo moja lisilo na gharama: daktari wa mifugo anayemwona mbwa wa manjano anayetokwa damu ampigie simu mhudumu wa afya wa kijiji siku hiyohiyo, na familia iache kula mahindi hayo hadi yapimwe.