Shaba ilitoka hapa, waya zinarudi: historia ya kable ya intaneti katika nyumba za Lubumbashi

Wasikilizaji wengi wananiuliza swali moja: ninunue kable gani ili intaneti ya nyumbani iende mbio? Swali ni dogo, lakini jibu lake linapita katika historia yetu sisi watu wa Katanga. Ndani ya kable ile mnakuwa shaba, na shaba ndiyo iliyozaa mji huu. Basi nianze mbali kidogo, halafu tutafika sokoni.

Kabla ya wazungu kufika, mababu walichimba jiwe la kijani, malakiti, wakati wa kiangazi, mavuno yakiisha. Walijenga tanuru kwa udongo wa kichuguu, wakavukuta moto mpaka shaba ikayeyuka. Waliimwaga katika umbo la msalaba, na misalaba ile ilitumika kama feza: kwa biashara, kwa mahari, kwa kulipa fidia. Leo unaiona katika makumbusho ya mji.

Wachache wanakumbuka jambo lingine. Wayeke, watu wa Mwami M'siri wa Bunkeya, walijua kuvuta waya. Walichukua fimbo ya shaba, wakaipitisha katika matundu madogo na madogo zaidi, mpaka ikawa nyembamba kama uzi. Waya ile walitengenezea bangili. Kwa hiyo mtu asituambie kwamba waya ya shaba ni kitu kigeni kwetu. M'siri aliuawa tarehe 20 Desemba 1891, na nchi ikaingia mikononi mwa watu wa mfalme Leopold.

Mwaka 1906 kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa. Mwaka 1910 reli kutoka kusini ilifika hapa, na mji wa Elisabethville ukazaliwa. Mwaka 1911 tanuru la kando ya mto Lubumbashi lilitoa shaba ya kwanza. Bomba lile refu la moshi na mlima mweusi wa mabaki ya madini bado vinasimama, na kila mtoto wa mji anavijua.

Ilikuwa wakati mzuri kwa mwenye kuuza shaba. Ulaya na Marekani walikuwa wakitandika simu na umeme. Alexander Graham Bell alipata hati ya simu mwaka 1876. Lakini simu za kwanza zilisumbua: waya mbili zikipita karibu na waya zingine, sauti zilichanganyika na mlio wa umeme. Mwaka 1881 Bell alipata hati nyingine, ya kusokota waya mbili pamoja, kama mama anavyosuka nywele. Zikisokotwa, usumbufu unaoingia katika waya moja unaingia sawasawa katika ya pili, na mwisho wa safari unafutika. Kitu hicho kidogo ndicho kinachobeba intaneti ya nyumbani hata leo. Pasua kable ya intaneti, utakuta waya nane, zimesokotwa mbili mbili, jozi nne.

Mwaka 1966 Elisabethville ikawa Lubumbashi. Mwanzo wa mwaka 1967 serikali ilichukua mali ya Union Minière, na kampuni iliyofuata tukaijua kwa jina la Gécamines. Toka 1971 mpaka 1997 jimbo letu lenyewe liliitwa Shaba. Lakini mtu wa jimbo la Shaba hakuwa lazima na waya ya shaba nyumbani mwake. Simu ya waya ilikuwa ya ofisi, ya wakubwa na ya wenye kazi nzuri. Katika Kenya, Katuba au Ruashi, wengi walituma habari kwa barua, kwa msafiri wa treni, au kwa radio.

Wakati huo huo, ng'ambo, kompyuta zilianza kuongea kati yao. Mwaka 1973 Robert Metcalfe na wenzake huko California walibuni njia inayoitwa Ethernet. Mwanzo walitumia kable nene na ngumu. Mwaka 1990 kanuni mpya iliruhusu waya zilizosokotwa, zile za ukoo wa simu, kubeba megabiti 10 kwa sekunde. Mwaka 1995 ikawa megabiti 100. Mwaka 1999 ikawa 1,000, katika jozi nne zote za shaba. Ndiyo maana kwenye kable unasoma Cat5e, Cat6, Cat6A: ni madaraja ya kable, kulingana na kazi inayoweza kubeba.

Kwetu, miaka ile ya vita na uporaji, waya za simu hazikukua. Watu waliruka hatua hiyo: kutoka bila simu mpaka simu ya mkononi. Intaneti ilipitia satelaiti, kwa bei ya juu, katika vyumba vya umma ambamo ulilipia dakika. Mwaka 2013 Kongo iliunganishwa na kable ya baharini WACS kule Muanda, zaidi ya kilomita 1,500 kutoka hapa. Kable hiyo ni ya nyuzi za kioo, zinabeba mwanga. Leo kioo kinaleta intaneti mpaka mjini, lakini hatua ya mwisho, kutoka kisanduku cha ukutani mpaka kompyuta au chumba cha pili, mara nyingi bado ni ya shaba.

Hapo ndipo hasara inapoingia. Mwaka jana nilinunua kable ya mita 30 sokoni. Muuzaji aliniambia ni shaba tupu, Cat6. Katika lupango letu anakaa mama mmoja aliyekimbia Pweto wakati wa ile tuliyoita pembetatu ya kifo. Tulitaka kuvuta kable mpaka nyumba yake, kwa sababu kuta za matofali zilikuwa zinakula Wi-Fi. Alitaka kumwona mama yake mzee, aliyebaki kule, katika simu ya video. Siku za kwanza ilienda. Juma la tatu picha ikaanza kuganda, halafu sauti ikakatika. Mama alidhani mzee amekufa. Kumbe waya moja ilikuwa imevunjika kwenye kichwa cha kable. Nilipoikwangua kwa kisu, rangi ya shaba ikatoka, ndani ikawa nyeupe: alumini iliyopakwa shaba.

Alumini si kitu kibaya. Waya kubwa za umeme zinazopita juu mara nyingi ni za alumini, kwa sababu ni nyepesi. Lakini katika kable nyembamba ya intaneti inapitisha umeme vibaya kuliko shaba, inavunjika haraka ikikunjwa, na kanuni za madaraja hayo haziikubali. Mtu anayeiuza kwa jina la Cat6 ya shaba anakudanganya.

Basi, ukienda kununua, fanya hivi. Soma maandishi kwenye ganda: ukiona herufi CCA, ni alumini iliyopakwa shaba, iache. Kama hakuna herufi, omba kukwangua ncha ya waya moja: shaba ya kweli ni nyekundu mpaka ndani. Pima kwa mkono pia: ya alumini ni nyepesi kuliko ya shaba yenye urefu uleule.

Halafu usilipe zaidi ya haja yako. Cat5e ya shaba ya kweli inabeba megabiti 1,000 mpaka mita 100. Kama unalipia megabiti 10 au 20 kwa mwezi, hiyo inatosha kabisa, Cat6 haitaongeza kitu. Kable haizidishi intaneti unayolipia, inazuia tu isipotee njiani. Chukua Cat6 kama unajenga sasa na unataka waya ikae ukutani miaka mingi. Na kable ya nje iwe na ganda la nje, maana jua letu linapasua ganda la ndani. Usiitundike hewani kati ya nyumba mbili wakati wa mvua. Radi za Katanga mnazijua.

Kwa familia zilizohama, iwe kutoka Mitwaba, Pweto au Manono, na kwa wote wenye jamaa Goma na Bukavu, jambo hili si la anasa. Nyumba moja yenye kable nzuri inaweza kusaidia lupango lote. Changeni franga, nunueni kable moja ya kweli, badala ya tatu za uongo.

Leo Kongo ni ya pili duniani kwa kutoa shaba, nyuma ya Chile, zaidi ya tani milioni 3 kwa mwaka. Kila siku malori yanaitoa kupitia Kasumbalesa kwenda bandarini. Mababu wa Bunkeya walichimba, wakayeyusha na wakavuta waya wao wenyewe. Sisi tunachimba, tunatuma, halafu tunanunua tena waya kwa mita, na wakati mwingine tunauziwa alumini. Swali hilo wakubwa wa jimbo walijibu.

Mama wa Pweto tulimbadilishia kable. Jumapili alimwona mama yake. Mzee aliuliza kwanza kama mihindi imeota.