Wavu Chini ya Daraja la Golden Gate

Ujenzi wa daraja la Golden Gate ulipoanza San Francisco mwaka 1933, makandarasi wa Marekani walikuwa na hesabu yao ya kutisha: kila dola milioni moja ya ujenzi ina maiti wake mmoja. Daraja hilo lilitengewa dola milioni 35. Joseph Strauss, mhandisi mkuu, hakukubali kuanza kazi huku makaburi 35 yamekwisha kuhesabiwa.

Aliamuru kila mtu avae kofia ngumu, zilizotengenezwa na kampuni ya Bullard ya mjini humo. Aliyefanya mchezo juu ya vyuma alifukuzwa. Kisha ukatandazwa wavu wa kamba chini ya daraja, ukizidi upana wake kwa mita 3 hivi kila upande. Uligharimu zaidi ya dola 130,000, fedha nyingi mno katika miaka ile ya mdororo wa uchumi. Wanaume 19 walidondokea humo wakapona.

Tarehe 17 Februari 1937, jukwaa lenye uzito wa tani 5 hivi, ambalo mafundi walilitumia kubandua mbao za zege, lilichomoka na kuuchana wavu. Watu 10 walikufa. Msimamizi wao, Slim Lambert, alianguka hadi baharini, zaidi ya mita 60, miguu ikanaswa na wavu ndani ya maji. Alijinasua, akaokolewa na mashua ya wavuvi.

Wavu ule ulikuwa wa kudaka mtu, wala haungeweza kubeba tani 5. Tena hakukuwa na kifaa cha kupiga kengele vishikizo vya jukwaa vilipoanza kulegea.

Kazi hiyo sasa inaweza kufanywa na kihisi kidogo cha betri. Kikifungwa kwenye kishikizo, hupima mzigo na mwinamo, kisha hutuma vipimo kwa redio. Kukosa waya ni faida kubwa saiti, maana jengo hubadilika kila siku, na waya uliolazwa asubuhi huenda ukakatwa na koleo kabla ya adhuhuri. Vihisi vingine huwekwa kwenye kofia, na dereva wa tingatinga husikia mlio mtu akipita nyuma yake.

Pengine vinavyookoa zaidi ni vile vya gesi. Shimoni kwenye majitaka hujificha salfidi ya hidrojeni, inayonuka kama yai viza. Ikizidi, hufisha uwezo wa kunusa, na kibarua hudhani hewa imesafika. Pua yake haiwezi tena kumlinda. Kihisi huendelea kupima, na aliye juu hupata taarifa kabla hajamtuma mwenziwe kumfuata.

Hong Kong haikuuacha usalama wa vibarua kwa hiari ya mkandarasi. Tangu 1996, gharama za usalama katika miradi ya serikali huko zilitolewa kwenye ushindani wa bei, ili asiwepo wa kushinda zabuni kwa kupunguza kinga za vibarua. Mwaka 2023, mikataba ya serikali inayozidi dola milioni 30 za Hong Kong ikatakiwa iwe na mifumo ya vihisi na tahadhari.

Strauss alikuwa na wavu kwa sababu yeye mwenyewe aliutaka. Wanaoandaa zabuni za barabara, mabomba na maghorofa kwetu wasisubiri mhandisi wa namna hiyo: wauandike usalama ndani ya mkataba, na bei yake kando.