Nuru Iliyotoka Studio

Tunapoitazama picha ya mtu, twautazama uso. Ni mara chache tunajiuliza uso huo uliangazwa na nini. Hata katika historia ya sanaa tumezoea kumtaja mpiga picha na kamera yake, tukaisahau taa. Na iliposahauliwa taa, nani angeikumbuka betri?

Katika miaka ya 1860, mjini Paris, mpiga picha Nadar alishuka na vyombo vyake katika mahandaki ya mifupa ya wafu, chini kabisa ya ardhi. Betri zake, za aina iliyobuniwa na Mjerumani Bunsen, zilikuwa za tindikali, nzito na zenye mvuke mbaya. Ziliachwa juu barabarani, nyaya zikateremshwa shimoni hadi kwenye taa. Picha moja iliweza kuchukua dakika 18. Kwa kuwa hakuna kibarua awezaye kusimama kimya muda wote huo, Nadar aliyavika masanamu nguo za kazi. Nuru ilifika, lakini binadamu hakuwa na nafasi ndani yake.

Tatizo la muda lilipata dawa baadaye. Mwaka 1931, huko Marekani, Harold Edgerton alitengeneza flashi ya umeme. Ndani yake umeme hukusanywa katika kapasita, kisha humwagwa kwa mkupuo katika bomba la kioo lenye gesi. Mwako huo ni mfupi mno, hata jicho haliwezi kuona kivuli kimeangukia wapi. Ndiyo sababu wenye studio waliweka kando ya flashi taa ndogo iwakayo mfululizo, ili wakione kivuli kabla ya kupiga. Kwa nyuso nyeusi taa hiyo ina kazi kubwa zaidi, maana mng'ao wa paji na wa shavu ndio unaozichora.

Huku kwetu studio si jambo geni; mjini Zanzibar, Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mwaka 1930. Lakini studio ilikuwa ya mjini, na mwenye kutaka picha nzuri aliifuata. Kwa nini taa hiyo ndogo isifungwe kwenye betri, ikapelekwa kijijini? Yafaa tupige hesabu. Flashi moja yenye nguvu hutumia wati 300 kwa sekunde moja. Taa ya wati 150 ikiwaka saa nzima hula umeme wa flashi 1,800! Basi mpiga picha aliyekwenda arusini mbali na nguzo za umeme aliichukua flashi, taa akaiacha, akafanya kazi kwa kukisia. Wengine walikisia vizuri ajabu. Wengine walituletea bibi arusi ambaye macho yake yamemezwa na kivuli cha shela.

Mambo yaligeuka baada ya Wajapani Akasaki, Amano na Nakamura kufanikiwa kutengeneza LED angavu za rangi ya buluu, kazi iliyowapatia Tuzo ya Nobel mwaka 2014. Kutokana nazo ilipatikana LED nyeupe, ambayo kwa wati 20 hivi hutoa nuru iliyohitaji wati 150 hapo zamani. Nazo betri za lithiamu zikapunguza mzigo. Siku hizi bibi aliyeketi barazani kwake huangaziwa kwanza. Mpiga picha hukitazama kivuli cha pua, huisogeza taa hatua moja, hutazama tena, ndipo hupiga.