Hofu ya madhara ya dawa za wasiwasi (Awasse na kaskazini mwa Cabo Delgado)

Hofu ya madhara ya dawa za wasiwasi ni hali ya mgonjwa kusita kuanza dawa alizoandikiwa, au kuziacha baada ya siku chache, kwa kuogopa yale zitakayomfanyia mwilini na akilini. Dawa hizo hutolewa kwa wasiwasi uliopita kiasi, kwa mishtuko ya hofu inayokuja ghafla, na kwa baadhi ya aina za woga usiotoka. Hali hii ipo duniani kote. Huko Awasse ina uzito wa pekee, kwa sababu ni nchi ya watu waliokimbia vita, na madhara yanayoogopwa zaidi yanagusa uwezo wa mtu kuamka usiku na kukimbia tena.

Mahali na vita

Awasse ni makazi katika wilaya ya Mocímboa da Praia, mkoa wa Cabo Delgado, Msumbiji, pale ambapo barabara ya N380 itokayo Macomia inakutana na ile iendayo Mueda upande mmoja na Mocímboa da Praia upande mwingine. Kimakonde, Kimwani, Kimakua na Kiswahili husikika eneo hilo, na Kireno ndiyo lugha ya ofisi na hospitali. Kabla ya vita Awasse ilijulikana kwa njia panda yake na kwa kituo cha umeme kilichohudumia wilaya za kaskazini.

Vita vilianza tarehe 5 Oktoba 2017 kwa shambulio la mji wa Mocímboa da Praia. Agosti 2020 mji huo ulitekwa, na Awasse nayo ikawa mikononi mwa wapiganaji ambao wenyeji huwaita Al-Shabaab, ingawa si lile kundi la Somalia. Kituo cha umeme kiliharibiwa na wilaya zikabaki gizani. Majeshi ya Rwanda na Msumbiji yaliirudisha Awasse mwishoni mwa Julai 2021, na Mocímboa da Praia tarehe 8 Agosti mwaka huohuo. Kufikia wakati huo zaidi ya watu laki saba walikuwa wamehama makwao mkoani. Vituo vingi vya afya vilichomwa au kuporwa, na kwa muda mrefu hospitali za Mueda na Pemba ndizo zilizobeba mzigo.

Dawa zenyewe

Dawa ya kwanza ya kundi la kuondoa sonona iliyotumika sana, imipramini, ilitambuliwa na daktari Mswisi Roland Kuhn katikati ya miaka ya 1950. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Donald Klein wa Marekani aligundua kwamba dawa hiyohiyo huzuia mishtuko ya hofu. Wakati huo Leo Sternbach, mkemia wa kampuni ya Hoffmann-La Roche, alikuwa amekwisha kutengeneza klorodiazepoksidi, iliyoingia sokoni mwaka 1960, ikafuatiwa na diazepamu mwaka 1963. Fluoksetini iliidhinishwa Marekani mwishoni mwa 1987.

Katika zahanati za Afrika Mashariki na Msumbiji majina yanayosikika zaidi ni amitriptilini, fluoksetini na diazepamu. Amitriptilini, ndugu wa imipramini, huleta usingizi, mdomo mkavu, choo kigumu, mkojo kutoka kwa shida, macho kuona ukungu, na kizunguzungu mtu anaposimama ghafla. Ikimezwa kwa wingi huvuruga mapigo ya moyo na inaweza kuua, kwa hiyo haifai kuachwa karibu na watoto. Fluoksetini huleta kichefuchefu, kichwa kuuma, kukosa usingizi, kutetemeka mikono na kutotulia, na kwa wengi hupunguza hamu ya tendo la ndoa. Hilo la mwisho wagonjwa hulitaja mara chache, na ndilo huwafanya waache dawa kimyakimya. Mwaka 2004 mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza dawa za kuondoa sonona ziwekewe onyo kali kuhusu mawazo ya kujiua kwa watoto na vijana. Mwaka 2007 onyo hilo lilipanuliwa hadi umri wa miaka 24. Onyo hilo si sababu ya kuwanyima vijana dawa. Linadai wafuatiliwe kwa karibu wiki za mwanzo.

Diazepamu hutuliza ndani ya saa moja, na hapo ndipo hatari yake ilipo. Mwili huizoea, na anayeikatisha ghafla baada ya kuitumia kwa muda mrefu anaweza kupata degedege. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2013 kuhusu msongo wa mawazo unashauri kundi hilo la dawa lisitolewe kwa dalili za mshtuko katika mwezi wa kwanza baada ya tukio la kutisha. Ushauri huo ni wa busara, lakini una ugumu wake pale ambapo diazepamu ndiyo pekee iliyopo kabatini.

Kwa woga wa kitu kimoja, kama nyoka, kina cha maji au chumba kilichofungwa, dawa husaidia kidogo; tiba iliyothibitika ni kumzoesha mgonjwa hatua kwa hatua. Kuogopa barabara ya N380 si woga wa aina hiyo, kwa sababu magari yameshambuliwa huko kweli.

Kwa nini wiki ya kwanza ni ngumu

Dalili za mwanzo wa dawa hufanana mno na ugonjwa wenyewe. Mtu aliyeingia zahanati kwa sababu moyo unamwenda mbio, tumbo linamchafuka na halali, anapewa kidonge ambacho kwa siku kadhaa kinaweza kumwongezea hayohayo. Faida ya fluoksetini au amitriptilini huanza kuonekana kati ya wiki 2 na 6. Kwa hiyo madhara hutangulia na nafuu huja nyuma, na mgonjwa asiyeambiwa hilo mapema ana kila haki ya kudhani amepewa sumu. Ndiyo maana tabibu mzuri huanza na kipimo kidogo, kwa mfano miligramu 10 za fluoksetini badala ya 20, na kumwomba mgonjwa arudi baada ya wiki moja au mbili.

Pia hofu yenyewe huzaa dalili. Walter Kennedy aliipa hali hiyo jina la nosebo mwaka 1961. Jaribio la Imperial College London lililochapishwa mwaka 2020 liliwahusu watu 60 waliokuwa wameacha dawa za kolesteroli kwa sababu ya madhara. Lilionyesha kwamba takribani asilimia 90 ya usumbufu walioupata wakati wa dawa waliupata pia walipomeza vidonge visivyo na kitu. Maumivu yao yalikuwa ya kweli. Kidonge ndicho hakikuwa chanzo. Mwenye ugonjwa wa wasiwasi, ambaye tayari husikiliza kila pigo la moyo wake, yuko katika hatari kubwa zaidi ya hali hiyo.

Kumbukumbu za dawa nyingine nazo zina sehemu yake. Kwinini ya malaria huvumisha masikio. Efavirenzi, iliyokuwa katika dawa za UKIMWI za mstari wa kwanza Msumbiji kabla ya dolutegraviri, ilijulikana kwa kizunguzungu na ndoto kali. Mtu aliyepitia hayo, au aliyemuuguza ndugu yake, haanzi kidonge kipya na moyo mweupe.

Usingizi na kukesha

Maelezo ya kawaida ya hospitali huweka usingizi mzito miongoni mwa madhara madogo. Kwa Awasse uainishaji huo haufai. Mashambulio ya vijiji vya Cabo Delgado mara nyingi yalikuja gizani, na familia nyingi zililala porini kwa miezi. Mama aliyeokoka kwa kuwa aliwahi kuamka na kuwavuta wanawe hawezi kuona amitriptilini ya usiku kama zawadi. Anachouliza ni nani atamwamsha. Swali hilo ni la usalama, wala halitokani na ujinga, na kulijibu kwa kusema "utazoea" ni kumdharau.

Yapo majibu ya kweli. Fluoksetini humezwa asubuhi na kwa kawaida haileti usingizi mzito. Amitriptilini inaweza kuanzwa kwa kipimo kidogo sana, siku ambazo kuna mtu mzima mwingine nyumbani. Mfungo wa Ramadhani hauzuii, maana zote mbili hutosha mara moja kwa siku. Kichefuchefu hupungua dawa ikifuata chakula, sharti ambalo si jepesi kwa wanaotegemea mgao.

Hofu nyingine ni ya kukatikiwa dawa njiani. Fluoksetini hukaa mwilini kwa wiki kadhaa, hivyo kukosa siku chache hakumuumizi mtu sana. Amitriptilini haiko hivyo, na hatari ya kukatisha diazepamu ghafla imekwisha kutajwa.

Maelezo hayo yanahitaji lugha. Vidonge mara nyingi hutolewa vimehesabiwa ndani ya kimfuko kilichoandikwa kipimo kwa kalamu, bila karatasi yoyote, na karatasi ikiwepo huwa ya Kireno.

Waganga na kombe

Wengi hupitia kwa mganga au kwa mwalimu wa chuo cha Kurani kwanza, hasa pale wasiwasi unapohesabiwa kuwa majini. Kombe na kisomo havigombani na vidonge. Mizizi ya kunywa ni suala jingine, na mgonjwa anapaswa kuulizwa juu yake bila kukaripiwa.

Hali ya sasa

Msumbiji ina madaktari bingwa wachache sana wa magonjwa ya akili, na tangu 1996 imefundisha matabibu wa ngazi ya kati wa fani hiyo kwa ajili ya wilaya. Shirika la Madaktari Wasio na Mipaka limetoa huduma za afya ya akili Mueda, Macomia, Palma na Mocímboa da Praia. Zile za Macomia zilisimama baada ya shambulio la tarehe 10 Mei 2024. Watu wamekuwa wakirejea Awasse na vijiji jirani tangu 2022.