Kibaba cha Umeme: Kutoka Sandarusi Hadi Kwaki

Apitaye Mtaa wa Msimbazi au wa Aggrey, hapa Kariakoo, hakosi kumsikia mtu akitafuta chaja kwa kuwa simu yake imekwisha chaji. Na neno hilo, ambalo leo limezoeleka vinywani mwetu, lina tarikhi ndefu inayoanzia katika kitu cha jamii ya ile sandarusi waliyoichimba Wazaramo katika ardhi iliyo nyuma ya mji huu.

Sandarusi ni utomvu wa msandarusi uliozikwa ardhini dahari nyingi hata ukawa mgumu mithili ya jiwe. Katika karne ya 19 ilivushwa hadi Unguja, ikanunuliwa na matajiri wa Salem, Marekani, ili ipikiwe vanishi. Ndugu yake ni kaharabu, ambayo ikisuguliwa kwa sufu huvuta vijiti vya majani makavu. Ndiyo sababu Waarabu huuita umeme kahraba, na jina la elektroni likatoka katika neno la Kiyunani lenye maana ya kaharabu.

Mwaka 1733 Mfaransa Charles Du Fay alibainisha kuwa umeme ni wa namna mbili, wa kioo na wa utomvu, na katika namna ya pili akavitaja kaharabu na utomvu wa jinsi ya sandarusi. Benjamin Franklin akazipa majina ya chanya na hasi, akasisitiza kwamba umeme hauzuliwi bali huhamishwa tu. Maneno hayo yastahili kukumbukwa na kila mwenye simu, maana betri ichajiwapo haiongezewi umeme wowote: elektroni, yaani chembe za umeme hasi, huondolewa upande mmoja zikapelekwa wa pili, na jumla ikabaki ile ile, kama mizigo ya wale wapagazi wa Carrier Corps waliokiachia kitongoji chetu jina lake baada ya vita vya 1914 hadi 1918.

J. J. Thomson aliigundua elektroni mwaka 1897, na Robert Millikan, kwa kupima vitone vya mafuta huko Chicago, akaona kuwa umeme hupimwa kwa kibaba kimoja, wala nusu kibaba haipatikani. Mwaka 1964 Murray Gell-Mann na George Zweig wakasema kwamba protoni, chembe ya umeme chanya iliyo ndani ya atomu, imejengwa kwa chembe ndogo zaidi ziitwazo kwaki, zenye theluthi za kibaba hicho: mbili zenye theluthi mbili chanya, na moja yenye theluthi moja hasi.

Lakini kibaba chenyewe, yaani chaji, chatoka wapi? Jawabu lililo karibu zaidi ni la Abdus Salam wa Pakistani, Sheldon Glashow na Steven Weinberg, waliopata Tuzo ya Nobel mwaka 1979: chaji si sifa ya asili, bali ni jumla ya sifa mbili zilizofichika ndani zaidi. Hata hivyo jawabu hilo halielezi kwa nini chaji za protoni na elektroni zimelingana kwa usahihi wa ajabu, hata tofauti yao, kama ipo, haifiki sehemu moja katika bilioni ya bilioni. Mwaka 1974 Glashow na Howard Georgi waliziweka kwaki na elektroni katika ukoo mmoja, ambamo usawa huo huwa wa lazima. Lakini ukoo huo wadai kwamba protoni nayo hufa. Chini ya mlima wa Kamioka, Japani, maulama wamelinda tani 50,000 za maji tangu 1996 wakingojea kifo hicho, na mpaka sasa hawajakiona.