Nyumba Inayofuata Misimu: Historia Fupi ya Makumbusho ya Lamu

Mwaka 1971, jumba la ghorofa linalotazama bahari mjini Lamu lilifunguliwa kuwa makumbusho. Lilijengwa mwishoni mwa karne ya 19, na zama za ukoloni maofisa wa Kiingereza waliotawala wilaya walilifanya makao yao. Mwananchi wa kawaida alilijua kwa nje, au kwa shauri lililompeleka mbele ya mkubwa. Tangu mwaka huo aliingia kwa hiari yake, akakuta vyombo vya wazee wake vimewekwa mahali pa heshima.

Zaidi ya nusu karne imepita, na makumbusho hayo yangali hai. Yameishi kwa sababu yalifuata mwendo wa mji: miezi yake ya ibada, pepo zake, harusi zake na michezo yake. Hiyo ndiyo sifa inayostahili kuandikwa kabla ya zote.

Mkusanyo na wakusanyaji

Miaka ya mwanzo ilikuwa ya kukusanya na kupima. James de Vere Allen, mwanahistoria aliyekuwa mtunzaji wa makumbusho hayo, alichunguza samani, nakshi na vyombo vya sherehe vya visiwa vya Lamu, na mwaka 1974 akatoa kitabu cha kumwongoza mgeni mjini. Usam Ghaidan, msanifu majengo, aliupima mji mtaa kwa mtaa, na mwaka 1975 kikachapishwa kitabu chake kuhusu mji wa Lamu. Kazi zao zilionyesha kwamba mali kubwa kuliko zote ilikuwa mji wenyewe.

Ndani ya jumba la pwani viliwekwa viti vya enzi vya mpingo na pembe, vyombo vya udongo na vya kaure vilivyoletwa na biashara ya bahari, mapambo ya bibi harusi, na mfano wa mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba za nazi bila msumari. Juu ya vyote zikawa siwa mbili, baragumu za heshima: ya Pate iliyochongwa kwa pembe za ndovu, yenye urefu unaozidi mita 2, na ya Lamu iliyotengenezwa kwa shaba. Siwa haikupulizwa ovyo. Ilisikika mtawala alipotawazwa na koo kubwa zilipooza au kutahirisha watoto wao. Tangu kuundwa kwake ilikuwa chombo cha hadhara, na makumbusho yaliyopewa amana hiyo yalibeba pia deni la kuitisha hadhara.

Kutoka jumba moja hadi mji mzima

Taasisi ilikua kwa kuongeza nyumba. Ngome ya Lamu, iliyojengwa kati ya 1813 na 1821 baada ya vita vya Shela, ilitumika kama jela hadi 1984. Wafungwa walipohamishwa, ilikabidhiwa Makumbusho ya Taifa ya Kenya na kukarabatiwa kwa msaada wa Sweden. Ua uliokuwa wa wafungwa sasa hupokea mikutano ya wananchi, maonyesho na sherehe za harusi, na ngome ina maktaba inayotumiwa na vijana wa mji. Kati ya mabadiliko yote katika historia hii, hili ndilo lililowagusa wenyeji kwa karibu zaidi.

Kisha ikaja Nyumba ya Waswahili, nyumba ya karne ya 18 iliyorudishiwa sura yake ndani ya mitaa myembamba. Mgeni huanzia dakani, baraza ya mlangoni, akapita tekani, njia ya kuingilia, akatokea kiwandani, ua wenye mwanga. Mbele yake ni kumbi za msana wa tini na msana wa yuu, halafu chumba kiitwacho ndani, ambako ukuta umejaa zidaka (vishubaka) za plasta. Vyumba ni virefu na vyembamba, kwa kuwa upana wake uliamuliwa na boriti za mikoko ambazo kwa kawaida hazivuki mita 3. Kadiri unavyoingia ndivyo faragha inavyozidi, hadi chumba cha mwisho walikozaliwa watoto na walikooshwa maiti. Anayeonyeshwa nyumba hii na mtu aliyelelewa katika nyumba kama hiyo hutoka akiwa amefunzwa adabu za ukoo mzima.

Jengo la iliyokuwa posta ya Wajerumani, iliyofanya kazi Lamu kuanzia 1888 hadi 1891, nalo liliingia katika orodha. Mji wa kale ulipewa ulinzi wa sheria katika miaka ya 1980, na mwaka 2001 UNESCO ikauweka kwenye Urithi wa Dunia.

Mfungo Sita

Kalenda ya Lamu ilikuwapo kabla ya makumbusho. Mfungo Sita, mwezi wa Maulidi, unapofika, mji hujaa wageni kutoka pwani yote ya Afrika Mashariki, visiwa vya Ngazija na ng'ambo. Kitovu ni Msikiti wa Riyadha huko Langoni, ulioasisiwa na Habib Swaleh, mwanachuoni mwenye asili ya Ngazija aliyeifanya Lamu mahali pa kusomea kwa watu wa tabaka zote. Kilele hufika Alhamisi ya mwisho ya mwezi, kwa usomaji wa Maulidi ya Habshi na matwari.

Makumbusho hayakujaribu kuimiliki sherehe hiyo. Ibada ilibaki mikononi mwa Riyadha, nayo yakashika pembeni: mashindano ya mashua, mbio za punda, kuogelea, kuvuta kamba, bao, khati za Kiarabu na upambaji wa hina. Mgawanyo huu umedumu kwa sababu kila upande ulijua mpaka wake. Msikiti haukugeuzwa jukwaa, na michezo haikukosa mlezi.

Adabu kama hiyo inaonekana Takwa, mji uliohamwa katika kisiwa cha Manda, ambao uko chini ya Makumbusho ya Taifa. Watu wa Shela huenda huko kuomba mvua na kuzuru kaburi lenye mnara. Wahifadhi wanalinda kuta za msikiti na kaburi. Wenye ziara wanalinda sababu ya kuta hizo kuheshimiwa. Pakiondolewa mmoja wao, Takwa itabaki mawe.

Tamasha la Novemba

Mwanzoni mwa karne hii liliongezwa Tamasha la Utamaduni la Lamu, ambalo kwa kawaida hufanyika Novemba, kusi ikiwa imekwisha na kaskazi inakaribia. Ni msimu mzuri wa matanga, na mji huwa unawangojea wageni wa mwisho wa mwaka. Wenyeji walikwisha kusema zamani: mgeni njoo, mwenyeji apone. Wenye nyumba za wageni, manahodha, wapishi wa mahamri na wachora hina hupata riziki yao siku hizo.

Shindano la mashua ndilo linalotoa watu majumbani. Vyombo hushindana kwa tanga tupu, bila mashine. Upepo ukizidi, mabaharia hutambaa juu ya ubao uliotokezwa nje ya chombo ili uzito wao ukizuie kisilale, na kubisha kwa wakati ndiko kunakotenganisha nahodha na mwanafunzi. Kila kijiji kina jina la kulinda. Ushindi wa Shela au Matondoni huzungumzwa barazani mwaka mzima, na fundi aliyeunda chombo kilichoshinda hupata wateja.

Mbio za punda hupita ukingoni mwa bahari, katika mji ambao punda ndiye anayebeba mchanga, mawe na chokaa hadi milangoni mwa watu. Bao huchezwa kwa utulivu, kete 64, wazee wakikabiliana na vijana, kutoka hatua ya kunamua hadi ya mtaji. Usiku ni zamu ya ngoma na kirumbizi, mchezo wa fimbo, pamoja na malenga wanaojibizana kwa Kiamu, lahaja ya Lamu. Ushairi una haki yake hapa. Mwana Kupona alitunga utenzi wake kwa binti yake katika visiwa hivi mwaka 1858. Ahmed Sheikh Nabhany, mzaliwa wa Matondoni aliyefariki 2017, alitunga *Sambo ya Kiwandeo* kueleza jinsi chombo kinavyoundwa. Anayeusoma utungo huo baada ya kusimama mbele ya mfano wa mtepe, kisha akaenda pwani kutazama mashindano, ameipata elimu ya bahari kwa njia tatu.

Tabu na kazi iliyobaki

Njia haikuwa laini. Mwaka 2014, baada ya mashambulizi ya Mpeketoni, serikali iliweka marufuku ya kutoka nje usiku iliyoendelea kwa miezi, na kwa mji ambao furaha zake nyingi ni za usiku, hilo lilikuwa pigo. Utalii ulidorora. Gati la kwanza la bandari mpya ya Lamu lilianza kazi Mei 2021, likaleta matumaini ya ajira pamoja na hofu ya wavuvi kuhusu maji yao. Kuta za matumbawe na chokaa nazo hazisubiri bajeti: mvua ikipenya darini, boriti huoza, na mafundi wanaojua kuchoma chokaa na kuchonga plasta wanazeeka.

Kwa hiyo historia hii inadai kazi. Tamasha liwe pia darasa: kila mwaka fundi wa nakshi, mshonaji wa kofia na muunda mashua alipwe kufundisha vijana, na muda wa mafunzo uendelee baada ya wageni kuondoka. Watoto wa skuli na wa madrasa wa Lamu waingie ngomeni na katika Nyumba ya Waswahili kama wenye mali. Wazee wanaokumbuka nyimbo za harusi na majina ya vyombo vya zamani warekodiwe kwa idhini yao, na kumbukumbu hizo zibaki Lamu ambako wajukuu wao watazifikia.

Makumbusho ya Lamu yalirithi jumba la watawala, yakapokea jela, yakaongeza nyumba ya familia, na yote matatu yakafunguliwa kwa watu. Waliofanya kazi hiyo tangu 1971, wanaojulikana na wasiojulikana, wanastahili shukrani za kila anayezungumza Kiswahili. Shukrani iliyo bora ni kuhakikisha kwamba Mfungo Sita na Novemba zijazo zinawakuta mafundi, malenga na manahodha vijana walio tayari kushika zamu.