Kumjua Ndege wa Amami

Amami Oshima, kisiwa cha kusini mwa Japani, kina ndege wake aitwaye rurikakesu. Kichwa na mbawa zake ni za buluu iliyokolea, mgongo na tumbo ni hudhurungi yenye wekundu, na mkia una ncha nyeupe. Ni jamaa ya kunguru, na sauti yake ya kukwaruza haifichi nasaba hiyo. Hula kokwa za msituni, nyingine akazifukia akiba, na hutaga ndani ya mashimo ya miti mikongwe.

Ulaya ilimpa jina pasi na kumwona kwao. Mwaka 1850 Charles Lucien Bonaparte, mtoto wa nduguye Napoleon, alimwita kwa jina la Profesa van Lidth de Jeude wa Utrecht. Wakati huo Amami ilikuwa chini ya watawala wa Satsuma, waliowalazimisha wenyeji kulima miwa, na merikebu za Ulaya hazikuwa na idhini ya kutia nanga. Waliomjua ndege ni hao wakulima, ambao hakuna aliyewauliza.

Baadaye wafanyabiashara nao walimjua, kwa namna yao: manyoya yake yalitakiwa kupambia kofia za mabibi. Uwindaji ukamwandama hadi mwaka 1921, serikali ilipomtangaza kuwa hazina ya taifa isiyoguswa. Lakini sheria ilimlinda ndege, si mti wake, na baada ya vita kuu ya pili misitu ilikatwa kwa wingi.

Kisha, mwaka 1979, wakaletwa nguchiro wapatao 30 ili wamalize habu, nyoka mwenye sumu kali. Habu huwinda usiku. Nguchiro huzunguka mchana. Wawili hao hawakukutana sana, na nguchiro wakageukia sungura weusi, vyura na ndege, wakazaana hadi kukadiriwa 10,000 kufikia mwaka 2000. Sisi wa Unguja, tulioletewa kunguru wa Bara Hindi miaka ya 1890 ati wausafishe mji, hatuhitaji kufasiriwa kisa hiki.

Mwaka 2005 kiliundwa kikosi cha kuwatega. Watu wake walipita bonde kwa bonde, wakiwa na mbwa na maelfu ya mitego, wakaujua msitu kuliko mtaalamu yeyote wa Utrecht. Rurikakesu alikuwa ameongezeka hata mwaka 2008 akaondolewa katika orodha ya viumbe walio hatarini. Nguchiro wa mwisho alinaswa mwaka 2018. Serikali ikangoja hadi Septemba 2024 ndipo ikatangaza kuwa wamekwisha.